Kibuyu Nilichokihukumu

Kanisani kwetu Konoin, anayesimama kutoa ushuhuda huanza na alikotoka, kisha hutaja siku njia yake ilipogeuka. Siku yangu naijua. Ilikuwa Jumamosi ya Agosti 2014, saa mbili usiku, jikoni kwa Mama. Baba alikuwa amelala chumba cha pili, hawezi kumeza hata uji. Mama alikuwa amemimina mursik kidogo, yale maziwa yetu yaliyochacha kibuyuni, kwenye kikombe ampelekee. Nikamshika mkono, nikamwambia, "Hiyo ndiyo iliyomfikisha Baba hapa alipo."

Hakunijibu. Aliyarudisha maziwa kibuyuni, akakifunga, akakitundika ukutani juu ya moto. Asubuhi akavitundika na vile vingine vinne. Karibu miaka mitano vibuyu vile havikushuka, na kila nilipofika nyumbani vilikuwa vikinitazama, vimeingia masizi, shanga zake zimekuwa rangi moja na ukuta.

Nilizaliwa katikati ya chai. Shamba letu liko upande wa Bomet, ekari moja na kidogo, kwenye mteremko unaoishia kijitoni. Tunachuma majani, tunabeba hadi kituoni, yanapimwa, lori la kiwanda linachukua, nasi tunangoja bonasi ya Oktoba. Zaidi ya chai tulikuwa na ng'ombe wawili, na maziwa yao yalikuwa ya Mama. Kwetu Wakipsigis kibuyu ni cha mwanamke. Sisi hukiita sotet, na hakuna mwanamume anayeuliza kina nini ndani. Mama alipewa cha kwanza na Kogo, nyanya yangu, siku alipoolewa.

Nilipopata nafasi ya chuo kikuu kusomea mikrobiolojia, Baba aliniuliza hiyo ni kazi gani. Nikamwambia ni elimu ya viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Akafikiri, akauliza, "Kama hawaonekani, utawachungaje?" Nilidhani ni swali la mzee asiyesoma. Sasa naona kwamba katika miaka yote ya masomo hakuna mwalimu aliyeniuliza swali zuri kuliko hilo.

Mwaka wa pili tuliambiwa kila mmoja alete chakula kilichochachushwa kwao. Mwenzetu wa Pokot Magharibi alileta maziwa ya majivu, yale yanayotiwa majivu ya mti wanaouita cromwo. Wa Kakamega alileta uji wa mtama uliochacha. Mimi nilileta mursik ya Mama kwenye chupa, nimeizungushia barafu na gazeti. Nilichukua tone, nikalitia kwenye maji ya chumvi, nikalipunguza mara kumi, kisha mara kumi tena, hadi hatua ya sita, nikalipaka kwenye sahani ya rojo ambalo akina de Man, Rogosa na Sharpe walilitunga Uingereza mwaka 1960 mahsusi kwa bakteria wa maziwa. Baada ya siku mbili sahani ilikuwa imejaa vidoa vyeupe, vidogo kama chembe za unga. Kwenye sahani nyingine, iliyotengenezwa kwa ajili ya hamira, vidoa vilikuwa vikubwa, vya rangi ya malai, na ukivinusa unasikia mkate.

Nikavipaka rangi kwa njia ya Hans Christian Gram, ile ya 1884 ambayo kila mwanafunzi wa somo hili huanza nayo, nikainamia hadubini. Vilikuwa vijiti vya zambarau, vingine peke yavyo, vingine vimeungana kama mabehewa ya garimoshi. Katikati yao walikaa viumbe wa umbo la yai, wakubwa mara nyingi kuliko vijiti, kila mmoja na kichipukizi ubavuni. Hao ndio hamira. Sahani ya tatu ilikuwa ya kutafuta bakteria wa kinyesi. Haikuota kitu. Kibuyu kile hakijawahi kuoshwa kwa sabuni tangu kizaliwe, na sahani ilikuwa safi. Nilipochovya karatasi ya kupimia asidi nikaelewa: ilisoma kama 4. Vile vijiti hula sukari ya maziwa na kutoa asidi ya laktiki, na katika ukali ule wadudu wengi wa tumbo hawawezi kuishi.

Siku hiyo nilimpigia Mama simu kwa furaha. Nilimwambia yeye ni mfugaji mkubwa kuliko Baba. Alicheka sana.

Kisha nikasoma makala. Ilikuwa imetoka mwaka huohuo, 2013, kazi ya wanasayansi wa Helsinki wakishirikiana na madaktari wa Tenwek, hospitali ya misheni iliyo jirani na mji wa Bomet, pamoja na wenzao wa Manchester na wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani. Walianza na fumbo ambalo Tenwek ilikuwa imeliona miaka mingi: saratani ya umio, ile njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni, ni nyingi mno katika nchi yetu, hata kwa watu wasiovuta sigara wala kunywa pombe, na hata kwa vijana. Wakashuku mursik. Walikusanya vianzio vinane vya mursik, wakachachusha maziwa kwa kufuata maelezo ya familia za Kikalenjin zenyewe, wakapima. Vianzio saba kati ya vinane vilitoa asetaldehaidi kwa kiwango kinachoweza kuharibu vinasaba vya seli. Chanzo kilionekana kuwa hamira: hugeuza sehemu ya sukari kuwa pombe, na njiani hutokea hiyo asetaldehaidi, kemikali ileile ambayo mwili wa mnywaji pombe hutengeneza.

Hayo niliyasoma kwenye muhtasari. Makala yenyewe sikuimaliza. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nikajiona nimeshika ufunguo.

Machi 2014 Baba alianza kusema ugali unamganda kifuani. Alikuwa akishushia kila tonge kwa maji. Kwenye zahanati moja alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akaambiwa arudi baada ya mwezi, akarudi, akapewa nyingine. Miezi mitano ikaenda hivyo. Mei ilikuwa ugali haupiti kabisa, Julai ni uji mwepesi tu. Mtu aliyekuwa akibeba kilo arobaini za majani mabichi mgongoni hadi kituoni akawa anashikilia ukuta kwenda msalani. Wiki ile ile niliyomwambia Mama neno lile, tulimpeleka Tenwek. Walimpitishia kamera, wakatuonyesha picha: mwamba mwekundu umeziba njia, umeacha nafasi ya penseli. Wakamwekea mrija wa waya unaojitanua wenyewe ukiwa ndani, kazi ambayo hospitali ile imeifanya kwa wagonjwa wengi sana na kujulikana nayo hadi nje ya Kenya. Jioni ya pili Baba alikula ugali laini na mchuzi. Alilia akila. Nimeona mambo mengi maabara tangu hapo, lakini hakuna niliyoyashukuru kama mrija ule.

Ulitupa miezi sita. Tulimzika Februari 2015, kwenye kona ya shamba ambapo michai hukutana na ua wa nepia.

Msiba ukapita, Mama akaendelea kuchuma chai, nami nikamaliza shahada. Hatukulizungumza lile neno hata mara moja. Mama aliacha kutengeneza mursik. Wageni walipokuja walipewa chai. Watu wa kanisani walidhani ni huzuni. Mimi peke yangu nilijua kwamba nimemfanya mama yangu aamini amemlisha mumewe sumu miaka thelathini.

Nilipata kazi kwenye maabara ya maji mjini Kericho. Mji huu umezoea utafiti. KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, na mradi wa Marekani wa Walter Reed wamekuwa na kituo hapa kwa miaka mingi, na wafanyakazi wa mashamba makubwa ya chai wamechangia damu yao katika utafiti wa ukimwi unaosomwa duniani. Kazi yangu mimi ni ndogo. Chupa zinaletwa kutoka chemchemi, visima, mabomba ya shule. Tunachukua mililita 100, tunatia unga wa kemikali, tunaziweka kwenye joto la mwili usiku mmoja. Asubuhi, chupa iliyogeuka njano ina bakteria wa jamii ya koli. Kisha tunazima taa, tunawasha ile ya zambarau, na zile zinazong'aa kwa rangi ya samawati zina E. koli, maana yake kinyesi cha mtu au mnyama kimefika majini. Kinachotakiwa kwa maji ya kunywa ni sifuri. Siku za mvua ya Aprili, ukizima taa chumba chetu, meza nzima huwaka.

Kazi ile ndiyo iliyonifundisha adabu. Huwezi kumwambia mwenye chemchemi kwamba maji yake ni mabaya kwa kuwa umesoma mahali kwamba chemchemi huwa mbaya. Lazima upime yake. Tena upime kiangazi na masika, juu ya zizi na chini ya zizi. Usiku mmoja wa 2017, nikiwa narudi nyumbani, nilijiuliza nilipima nini kabla ya kumhukumu Mama. Sikuwa nimepima kitu. Niliitafuta ile makala nikaisoma yote, mara ya kwanza, polepole. Walichoandika ni dhana inayostahili kufuatiliwa. Walikuwa na vianzio vinane. Hawakuwalinganisha wagonjwa na wazima. Hakuna mahali waliposema mursik imemuua mtu.

Nikaendelea kusoma, safari hii bila kutafuta mshitakiwa. Mei 2016, wataalamu 23 walikuwa wamekutana Lyon, Ufaransa, kwenye shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO. Wakatamka kwamba kinywaji cha moto sana, kinachozidi nyuzi 65 za Selsiasi, huenda husababisha saratani ya umio. Si chai, si kahawa. Ni moto wake. Mwaka huohuo madaktari wa Tenwek walichapisha kazi iliyonifanya nijishike koo: waliwapima watu 305 wa maeneo yetu wasio na dalili yoyote, wakakuta 44, yaani asilimia 14.4, tayari wana seli za umio zilizoanza kubadilika. Wengine walikuwa wakichunguza moshi wa kuni na kemikali zake. Na kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro kuna watu waliopima chai mezani, mtu anapopiga funda la kwanza, wakakuta wastani umepita nyuzi 70. Chai ya maziwa, iliyochemshwa pamoja na maziwa kama tunavyoipika huku kwetu, hushika moto kuliko ya rangi.

Hapo ndipo nilipomwona Baba.

Nilimwona saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kuchuma, amesimama mlangoni na kikombe cha bati. Chai imetoka jikoni sasa hivi, bado inatokota pembezoni. Yeye anaivuta kwa sauti, vikombe viwili, vitatu, haketi. Alijivunia hilo. Alisema chai inayosubiri ni ya wagonjwa. Kijiji kizima kilijua chai ya baba yangu. Mimi nilikaa mezani naye likizo zote za chuo, na kitabu cha mikrobiolojia mkononi, nikatazama kibuyu ukutani na sikukitazama kikombe.

Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya Eldoret. Wagonjwa 430 wa saratani ya umio waliofika hospitali ya rufaa ya Moi tangu 2013 hadi 2018 walilinganishwa na watu 440 wasio nayo. Wanaokunywa vinywaji vya moto sana walikuwa na hatari kubwa mara kadhaa kuliko wanaokunywa vya vuguvugu. Sitaki kufanya kosa lilelile kwa upande mwingine nikasema chai ndiyo iliyomuua Baba. Hakuna maabara itakayonipa jibu hilo, na madaktari wenyewe husema sababu ni nyingi na zinasaidiana: moto, moshi, meno, lishe, pombe, urithi wa familia. Lakini nilijua ninachodaiwa.

Nilikwenda nyumbani Aprili hiyo na kipimajoto cha maabara mfukoni. Mama alikuwa anachambua maharage. Nilipiga magoti kwa namna ambayo sikuwa nimefanya tangu utotoni, nikamwambia, "Mama, nilikukosea. Nilisoma nusu, nikakuhukumu kwa nusu hiyo." Nikamweleza yote, ya Helsinki, ya Eldoret, ya moto. Aliendelea kuchambua. Alipomaliza ungo akauliza swali moja: "Kwa hiyo mursik ni nzuri au ni mbaya?"

Nikasema, "Sijui bado. Tupime."

Akainuka, akapanda kigoda, akashusha kibuyu kimoja. Akapuliza masizi. Akaniambia, "Lete senetwet."

Senetwet ni kile kichaka cha maua ya manjano kinachoota kando ya barabara zetu, wenye vitabu hukiita Senna didymobotrya. Nilikata matawi makavu. Mama akayachoma hadi yakawa makaa, akayatia kibuyuni yakiwa bado yana moto, na kwa sosiot, ule ufito wa mtende uliochanuliwa ncha, akasugua kuta za ndani, anazungusha mkono huku amefumba macho, anasikiliza. Nilimuuliza anasikiliza nini. Akasema kibuyu kikiwa na ufa, mkaa hulia tofauti. Akafanya hivyo kwa vyote, akakitupa kando kile cha tatu kwa sauti yake tu. Nilikichukua nikakipeleka Kericho kwa siri, nikachukua ukoga wa ndani ya shingo, nikaotesha. Sahani yake ilijaa hamira kuliko vibuyu vingine vyote. Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, na ndani yake walikuwa wamejificha, wamejenga makao ambako mkaa wala maji ya moto hayafiki.

Ndipo nikarudi kwenye swali la Baba. Mama alikuwa akiwachunga. Ujuzi wote wa mkaa, ufito, kukausha, kuonja, kumwaga yaliyoharibika, ulikuwa uchungaji: kuwapa vijiti malisho na kuwafungia hamira nje. Na pale ambapo uchungaji umelegea, kianzio cha zamani kinaachwa chini ya kibuyu miezi, ufa unapuuzwa, maziwa yanakaa wiki nyingi hadi yanukie pombe, zizi linabadilika. Tukapatana mambo. Maziwa huchemshwa na kupozwa kabla ya kutiwa. Kibuyu humwagiwa maji ya moto, hukaushwa kimegeuzwa, husuguliwa mkaa mpya kila mara. Mursik hunywewa ndani ya siku saba. Ikinuka pombe, inamwagwa. Kila mwezi nabeba chupa nne hadi Kericho, nahesabu vidoa vya hamira, nampigia Mama simu kumpa namba za kila kibuyu, naye ananiambia kabla sijasema ni kipi kitakuwa cha mwisho. Hukosea mara chache. Asetaldehaidi yenyewe inahitaji mashine ya kuchambua gesi ambayo sina, kwa hiyo sijamwambia mtu yeyote kwamba mursik yetu haina hatari. Namwambia hamira zimepungua, na namba ninazo.

Kipimajoto nacho kikapata kazi. Chai ya Mama ikitoka kwenye thamosi ilisoma 81. Kaka yangu alipiga funda la kwanza kwenye 74, akashangaa tulipomwonyesha. Kwenye baridi yetu ya asubuhi, kikombe kisichofunikwa hushuka chini ya 65 kwa muda usiozidi wa kuvaa gambuti na kufungulia ng'ombe. Mama sasa humimina chai kwanza, ndipo avae gambuti.

Namba hiyo ya 65 ilinirudia mahali nisipotarajia. Mwaka 1984 David Ciochetti na Robert Metcalf wa chuo kikuu cha jimbo huko Sacramento, California, walionyesha kwamba maji yaliyochafuliwa yakifika nyuzi 65 kwa jiko la jua, vijidudu vya maradhi hufa bila maji kuchemka. Metcalf baadaye alikuja hadi upande wetu wa Nyanza, Nyakach, akawafundisha wanavijiji kupima maji yao wenyewe. Sisi tunaambiwa tuchemshe hadi yatokote kwa sababu mapovu yanaonekana na nyuzi hazionekani. Hapa juu, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, maji hutokota kwenye nyuzi 93 hivi. Mama alikuwa anachoma kuni kutoka 65 hadi 93 na dakika kumi zaidi, kila siku, maisha yake yote, na moshi wa kuni hizo ukiingia kifuani mwake. Maji ya kunywa lazima yapite namba ileile ambayo chai lazima ishuke chini yake kabla haijafika mdomoni. Niliichora kwa rangi nyekundu kwenye kipimajoto, naye akakitundika msumari ule wa kibuyu.

Bonasi ya mwaka uliofuata ilikwenda kwenye bayogesi. Mama aliikubali kwa sababu ya macho, yalikuwa yakimtoa machozi kwa moshi. Ni mfuko mrefu wa plastiki uliolazwa kwenye shimo, na juu yake tumeweka paa la karatasi ya nailoni kwa kuwa baridi ya nchi ya chai huwachelewesha wafanyakazi wake. Wanaotoa gesi inayowaka si bakteria hasa. Ni ukoo mwingine wa kale, arkea, wasiovumilia hewa. Wanaishi kwenye tumbo la ng'ombe tangu ng'ombe awepo, na mfuko ule ni tumbo la pili. Kila asubuhi ndoo ya samadi, ndoo ya maji. Wiki mbili za kwanza gesi ilitoka lakini haikushika moto, ni ile hewa ya ukaa tu, na majirani wakatuhurumia. Siku ya kumi na tisa Mama aliwasha kiberiti, moto ukaja wa samawati, mfupi, bila sauti. Akazima. Akawasha tena. Alifanya hivyo mara nne, kisha akaenda kumwita jirani.

Nimewahi kuulizwa na wenzangu kama kazi ya namna hii, ya vibuyu vinne na mfuko mmoja, ni utafiti. Nawajibu kwa habari ya Mwanza. Mwaka 2004 chuo kikuu cha mji wa London, ule wa Ontario, Kanada, kikishirikiana na taasisi ya utafiti wa tiba ya pale na kina mama wa kikundi cha Tukwamuane, kilianza kutengeneza mtindi wenye bakteria teule waliochunguzwa maabara, wakauita Fiti, kwa ajili ya watu wanaoishi na virusi vya ukimwi. Wanawake ndio waliokoroga, waliopima joto, waliouza. Uganda nako kuna Yoba, kianzio kinachouzwa kwa paketi ndogo na watu wanatengeneza mtindi wao. Ninachotamani kwa Konoin na Kericho ni kianzio cha mursik chenyewe: vijiti bora vilivyochaguliwa kutoka vibuyu vyetu, vya mama zetu, visivyoacha nafasi kwa hamira. Chuo Kikuu cha Kabianga kiko hapahapa kwetu. Vibuyu vipo. Vijana wenye macho ya hadubini wapo. Nimeanza kutunza wa kwetu kwenye friji, mirija midogo yenye vijiti vya kila kibuyu, nimeandika jina la mwenye kibuyu na tarehe.

Desemba iliyopita binti ya kaka yangu alirudi kutoka mbio za shule na kikombe cha shaba. Kwetu mkimbiaji hapokewi kwa chai. Mama alimmiminia mursik, ya kijivu yenye mistari ya mkaa, msichana akainywa yote akafuta mdomo kwa mkono. Kisha Mama akashusha kibuyu kingine, akakipangusa kwa kanga, akanipa mimi. Nilikitambua kwa shanga zake. Ni kile cha usiku ule.

Nilikipakata kwenye matatu hadi Kericho. Kiko jikoni kwangu, mbali na moshi. Jumamosi nilikata senetwet nyuma ya soko, nikachoma, nikaingiza sosiot na kufumba macho. Sijajua bado kusikiliza. Nilimpigia Mama, nikaweka simu karibu na shingo ya kibuyu, nikasugua. Akasema, "Zungusha polepole. Tena. Hapo."